Kadi hiyo si bili: namna ya kudai fidia hospitali ya Marekani ikianika siri zako mtandaoni

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kwetu alinisogezea mfuko wa plastiki uliojaa barua. "Mwanangu, nisomee hizi. Nadhani hospitali wananidai tena." Katikati ya rundo nikakuta kadi ya posta yenye jina la hospitali alikojifungulia mtoto wake wa mwisho. Haikuwa deni. Ilikuwa taarifa iliyotumwa kwa idhini ya mahakama kumweleza kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kudai, kwa sababu tovuti ya hospitali ilipeleka habari zake kwa kampuni za matangazo. Kadi ilikuwa imekaa juu ya friji karibu miezi mitatu. Siku ya mwisho ya kujaza fomu ilikuwa imepita kwa siku tisa.

Iliniuma. Naandika haya ili kadi ya pili isikae juu ya friji ya mtu mwingine. Nawaandikia Waswahili wanaoishi Marekani, awe mtu ametoka Uvira, Kigoma, Bujumbura au Mombasa, ambao wametibiwa hapa na wakawahi kuingia kwenye tovuti ya hospitali au akaunti ya mgonjwa kupanga miadi, kutazama majibu ya vipimo au kumwandikia daktari.

Kwanza ujue ulichochukuliwa

Usiruke sehemu hii. Asiyejua alichochukuliwa huona kadi ni takataka.

Hospitali nyingi ziliweka kwenye tovuti zao vipande vidogo vya programu ambavyo jicho halivioni. Kinachotajwa sana ni pikseli ya Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram. Vingine ni vya Google. Kila unapofungua ukurasa au kubofya kitufe, kipande hicho huipelekea habari kampuni iliyokitengeneza. Hospitali kwa upande wake hupata hesabu ya watu walioletwa na matangazo yake.

Mwezi Juni 2022, chombo cha habari cha mtandaoni The Markup kilikagua tovuti za hospitali 100 zilizoorodheshwa na jarida la Newsweek kuwa bora Marekani. Pikseli ya Meta ilikutwa kwenye tovuti 33. Mfano mmoja haujanitoka kichwani mpaka leo. Kwenye tovuti ya University Hospitals Cleveland Medical Center, wachunguzi walitafuta daktari kwa maneno ya kutoa mimba, wakabofya kitufe cha kupanga miadi. Facebook ikapokea maandishi ya kitufe, jina la daktari, na maneno yaleyale waliyotafutia.

Pamoja na hayo huenda namba ya IP, ambayo huonyesha mtandao unaotumia. Na kama umeingia Facebook kwenye kivinjari hichohicho, kidakuzi (cookie), yaani faili dogo la kivinjari linalobeba utambulisho wa akaunti yako, nacho kinaweza kwenda. Hapo hawahitaji kuuliza jina lako. Ni kama mtu asimame mlangoni pa kliniki na daftari, aandike nani kaingia na chumba gani kaelekea, kisha jioni alipeleke daftari kwa wauza matangazo. Sisi tumekulia mahali ambapo mtu huenda kupima mji wa pili ili jirani asimwone. Tunajua uzito wa jambo hili, hata kama hakuna senti iliyoibwa benki.

Na kweli, mara nyingi kilichotoka si namba ya Social Security wala kadi ya benki. Kumbuka hilo, litakusaidia kumtambua tapeli huko mbele.

Baada ya 2022 hospitali zilianza kukiri kwa barua. Novant Health iliwaarifu wagonjwa zaidi ya milioni 1.3. Advocate Aurora Health, ya Wisconsin na Illinois, iliwaarifu kama milioni 3. Kaiser Permanente, Aprili 2024, watu milioni 13.4. Kesi zikafuata, na nyingi zimemalizwa kwa maridhiano: Novant dola milioni 6.66, Advocate Aurora milioni 12.225, na Kaiser ikakubali mwaka 2025 kulipa hadi milioni 47.5. Hospitali hizi hulipa bila kukiri kosa, na utayaona maneno hayo kwenye kila tangazo. Yasikubabaishe. Ndivyo maridhiano ya hapa yanavyoandikwa, na hayapunguzi haki yako ya kudai.

Huenda utashangaa kadi inazungumzia sheria za kunasa mawasiliano, zile za kusikiliza simu za watu, badala ya HIPAA, sheria ya siri za mgonjwa tunayotia saini kila tukifika mapokezi. Sababu ni kwamba HIPAA, sheria ya mwaka 1996, haimpi mgonjwa mlango wa kuishitaki hospitali mwenyewe. Mawakili wakatumia sheria ya shirikisho ya 1986 na za majimbo, kama ile ya California ya 1967. Mahakama hazikubaliani kama sheria hizi zinagusa tovuti. Oktoba 2024, mahakama ya juu ya Massachusetts ilisema sheria ya jimbo lake ya kunasa mawasiliano haigusi kuperuzi tovuti. Kwa hiyo hakuna upande unaoingia mahakamani na uhakika wa kushinda, na ndiyo maana pande zote mbili huona afadhali kupatana.

Hatua ya 1: Tafuta taarifa yako

Kuna barua mbili tofauti na watu huzichanganya. Ya kwanza hutoka hospitali, kukuambia habari zako huenda zilitoka. Hiyo haina pesa. Iweke tu kwenye faili. Ya pili huja baadaye, pengine mwaka mmoja au miwili, kutoka kwa kampuni iliyopewa kazi ya kusimamia malipo. Majina utakayokutana nayo ni kama Kroll, Epiq, Angeion au Simpluris. Kwa kuwa hulijui jina hilo, mkono unakimbilia kutupa.

Fungua barua pepe yako, uandike kwenye kitafutio jina la hospitali pamoja na neno "settlement". Tazama na folda ya takataka, maana taarifa hizi hupenda kuishia humo. Ikiwa ulifungua akaunti ya mgonjwa kwa barua pepe ya mwanao au ya kaka aliyekupokea ulipofika, mwombe naye atafute. Kadi ya posta huwa ndogo, mara nyingine imekunjwa na kubandikwa ukingoni, na juu yake pameandikwa "Legal Notice" au "Class Action Settlement", yaani maridhiano ya kesi ya kundi, ambapo wachache hushitaki kwa niaba ya wote walioguswa. Ndani kuna namba yako ya pekee, inayoitwa "Class Member ID" au "Notice ID", na mara nyingine PIN. Bila namba hiyo bado unaweza kudai, ila kazi inaongezeka.

Hatua ya 2: Hakikisha si utapeli

Matapeli nao wanajua pesa hizi zipo. Usibofye kiungo ulichotumiwa, hasa kilichokuja kwenye kundi la WhatsApp la jamaa zetu na maneno ya "wahini kabla hazijaisha". Pita njia yako mwenyewe.

Taarifa ya kweli hutaja jina la kesi, namba ya kesi na mahakama. Andika jina la kesi kwenye kitafutio, uone kama kesi ipo na kama habari zinalingana. Tovuti ya CourtListener hukuonyesha bure nyaraka nyingi za mahakama za shirikisho. PACER, mfumo rasmi wa mahakama hizo, hutoza senti 10 kwa ukurasa, na ukitumia dola 30 au chini yake kwa robo mwaka husamehewa. Ukikwama, nenda maktaba ya mtaa uwaonyeshe kadi. Wakutubi wa hapa husaidia sana kwa mambo haya, na hawatozi kitu. Au mpigie karani wa mahakama umsomee namba ya kesi, umwombe akuthibitishie kwamba ipo.

Kuipigia hospitali hakusaidii sana, kwa uzoefu wangu. Mhudumu wa mapokezi mara nyingi hana habari ya kesi, atakwambia hajui, nawe utadhani ni uongo.

Sasa alama za tapeli. Anakutaka ulipe kwanza "ada ya kushughulikia". Anataka nywila ya benki au ile namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako. Anakupigia kukuharakisha. Malipo ya kweli ya kesi hayana ada hata senti moja. Ukikutana na tapeli, ripoti kwa FTC, tume ya shirikisho inayolinda walaji, kupitia reportfraud.ftc.gov.

Hatua ya 3: Soma tarehe, na uzisome kwa Kimarekani

Hapa watu wetu wengi wanaangukia. Marekani huanza na mwezi. Ukiona 04/07 ni tarehe 7 Aprili, si tarehe 4 Julai. Nimeona mtu akitulia akidhani ana miezi mitatu, kumbe zimebaki siku tano. Ziandike tarehe zote kwa Kiswahili, na jina la mwezi, ubandike ukutani.

Utakuta tarehe nne: mwisho wa kudai, mwisho wa kujitoa, mwisho wa kupinga, na siku ya jaji kusikiliza na kuidhinisha. Ya kudai ndiyo ya kwanza kuitafuta. Kwenye fomu ya karatasi, angalia kama wanataka iwe imegongwa muhuri wa posta kabla ya siku hiyo au iwe imeshawafikia.

Hatua ya 4: Amua

Una njia nne. Kudai, upate sehemu yako na usiishitaki tena hospitali kwa jambo hilo. Kujitoa, ubaki na haki ya kushitaki mwenyewe. Kupinga, yaani kumwandikia jaji kwamba makubaliano hayatendi haki, huku ukibaki ndani ya kundi. Au kunyamaza. Kwenye makubaliano mengi, anayenyamaza hupoteza vyote viwili, pesa na haki ya kushitaki. Ni machache tu yanayolipa bila fomu.

Maoni yangu ni haya: karibu kila mtu adai. Utasikia watu wakisema sheria ya California inataja dola 5,000 kwa kila kosa, kwa nini ukubali vidola vichache? Inazitaja, ndiyo, kwa anayeshinda. Njia ya kujitoa inamfaa aliyeumia waziwazi, kwa mfano siri ya ugonjwa wake ikamfikia mwajiri au mume ambaye yeye alimkimbia, na ana kitu cha kuthibitisha. Huyo aonane na wakili au ofisi ya msaada wa sheria wiki hiihii, si wiki ya mwisho.

Hatua ya 5: Jaza fomu

Fomu yenyewe ni ya dakika kumi. Kinachotusumbua sisi ni jina. Mtu ana jina la ukoo mbele kwenye karatasi za UNHCR, nyuma kwenye leseni, na hospitali walikosea herufi mbili. Tumia jina kama lilivyo kwenye kadi uliyotumiwa, hata kama limekosewa, maana ndilo lililo kwenye orodha yao. Kisha piga simu kwa kampuni inayosimamia malipo uombe walirekebishe, ili hundi isije na jina ambalo benki yako itakataa. Umehama? Wape anwani mpya hapohapo. Posta haihamishi barua zako milele.

Wataomba jina, anwani, barua pepe, simu, ile namba yako ya pekee, na namna unavyotaka kulipwa. Fomu za kesi hizi nilizowahi kuwajazia watu hazikuuliza hali ya uhamiaji. Nalisema kwa sababu naona hofu hiyo machoni pa watu. Aliye hapa kwa hifadhi, kwa viza au kwa karatasi zilizoisha muda, alitibiwa, na habari zake zilichukuliwa kama za mwingine yeyote.

Mwishoni utatia saini kwamba unasema kweli, na uongo hapo ni kosa la jinai. Kwa hiyo usidai kwa hospitali ambayo hukuwahi kuitumia, hata kama kwenye kundi la WhatsApp wanasema hakuna anayekagua. Kama mgonjwa alikuwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye hudai kwa niaba yake. Kwa mtoto na kwa marehemu, soma maelezo yao kwanza, kila kesi ina utaratibu wake.

Malipo huja kwa hundi, PayPal, Venmo, Zelle au kadi ya mtandaoni. Mtu anayehamahama achague njia ya simu au barua pepe. Mtu anayebadilisha namba ya simu kila mara achague hundi. Ukichagua hundi, itazame ikifika: ina siku yake ya kufa, mara nyingi siku 90, na ikipita ni karatasi tu.

Ukimaliza, piga picha ya skrini yenye namba ya uthibitisho. Itume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Fomu ya karatasi, ipige picha kabla ya kuifunga kwenye bahasha.

Laini za simu za kampuni hizi kwa kawaida zina Kiingereza na Kihispania. Keti na mtu unayemwamini, awashe spika, nawe uwe hapohapo ujibu maswali yanayokuhusu. Usimwachie mtu kadi yako na kuondoka.

Hatua ya 6: Subiri, ukijua hesabu

Gawanya dola milioni 47.5 za Kaiser kwa watu milioni 13.4. Hazifiki dola 4 kwa mtu, na hapo hujatoa ya mawakili, ambao mara nyingi huomba kama theluthi. Kinachookoa ni kwamba wengi hawadai, na kwenye makubaliano mengi fungu hugawiwa waliodai tu. Ndiyo maana utapata makumi ya dola badala ya senti, ila usitegemee kulipa nayo kodi ya nyumba. Jaji lazima aidhinishe, na akitokea mtu wa kukata rufaa, miezi inaongezeka. Hifadhi anwani ya tovuti ya kesi, uichungulie mara moja kwa mwezi.

Kuna pesa nyingine ambazo hazipiti kwenye kesi ya kundi kabisa. FTC iliibana BetterHelp, huduma ya ushauri nasaha mtandaoni, mwaka 2023, kwa kupeleka habari za wateja kwa Facebook na wengine. Dola milioni 7.8 zikarudishwa kwa waliokuwa wateja. GoodRx, huduma ya punguzo la bei za dawa, ilitozwa faini ya dola milioni 1.5 mwaka huohuo. Orodha ya marejesho yote ya namna hii ipo ftc.gov/refunds, ipitie hata kama hukupata barua yoyote.

Hatua ya 7: Funga mlango uliobaki wazi

Anza na Facebook. Kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya shughuli zako nje ya teknolojia za Meta. Utaona orodha ya tovuti zilizopeleka habari zako, na watu wengi hunyamaza ghafla wakiiona. Ifute, kisha ukate uhusiano wa siku zijazo. Kwenye iPhone, programu ikiomba kukufuatilia, kataa. Kwenye Android, futa kitambulisho cha matangazo.

Kisha tenga kivinjari kimoja kwa ajili ya afya peke yake. Firefox inafaa, na ukiongeza Privacy Badger, nyongeza ya kuzuia vifuatiliaji, inafaa zaidi. Humo usiingie Facebook wala Gmail hata siku moja. Kabla ya kupanga miadi kwenye tovuti usiyoijua, weka anwani yake kwenye Blacklight, kifaa cha bure cha The Markup. Kwa muda mfupi kitakuonyesha vifuatiliaji vilivyomo, pamoja na pikseli ya Meta kama ipo. Ukiikuta, piga simu kliniki upange miadi kwa mdomo.

Na kama hospitali yako haina kesi yoyote

Unaweza kulalamika Ofisi ya Haki za Kiraia ya wizara ya afya ya shirikisho. Muda wake ni siku 180 tangu ulipojua, na hutozwi chochote. Andika tarehe, ukurasa uliofungua na ulichobofya, uambatanishe picha ya matokeo ya Blacklight. Mwanasheria mkuu wa jimbo lako naye hupokea malalamiko: yule wa New York aliifanya NewYork-Presbyterian ilipe dola 300,000 mwaka 2023 kwa mambo hayahaya.

Namba ya ofisi hiyo ya shirikisho ni 1-800-368-1019. Akipokea mtu, sema "Swahili interpreter, please" kisha nyamaza usikate. Watakuwekea kwenye laini mkalimani, bure, nawe utaeleza kila kitu kwa Kiswahili.